Wa Kumfungia Mlango

"Punguza sauti!"

"Sipunguzi!"

"Nimesema punguza sauti, watu wako nje!"

"Si ndiyo vizuri? Wasikie! Au niwafungulie waingie kabisa, wakupe mkono wa hongera?"

Baba akainuka kitandani kama aliyekalia kaa la moto, akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwenye mbao, mikono yote miwili nyuma imeshika komeo. Mzee wa watu: shati lina viraka vya rangi tatu, suruali imekazwa kwa kamba, kandambili mguu huu ya kijani, mguu ule nyekundu. Mtaa mzima walimwita Mzee Kiraka, na yeye alikuwa anaitika bila kununa. Ungekutana naye njiani ungempa sadaka. Na hilo ndilo lililokuwa linamkata kijana maini. Hata yeye, damu yake, angempa.

Sasa kisa chenyewe ni hiki. Nje, uani, majirani walikuwa wamekaa wanamngoja kijana. Wamegoma kulipa kodi. Mabati ya nyumba ile yameoza, ukilala chali mchana unaona mawingu yanapita, na mwenye nyumba hakuna aliyewahi kumwona, si sura wala kivuli. Kodi anachukua dalali, malalamiko anapelekewa dalali, majibu hayarudi. Basi wakasema imetosha, tutume mtu akatuletee jina la huyo mwenye nyumba, tumfuate kwake, atuangalie usoni. Wakamtuma kijana. Walimwita Wakili, si kwamba kasomea sheria. Kamaliza shule tu, hana kazi ya maana, na ana mdomo.

Kijana alikwenda asubuhi, akarudi na jina. Jina lilikuwa la baba yake.

"Nani amekuambia?" baba akauliza tena, kama vile jibu litabadilika.

"Kwapa. Nikuambie mara ngapi?"

Kwapa ndiye dalali. Mkoba wake haujawahi kuonekana nje ya kwapa, watu wanasema hata akioga anauhamishia upande wa pili. Ofisi yake ni kichumba nyuma ya duka la rangi. Njia nzima kijana alikuwa anaipanga hotuba yake, ina "haki za wapangaji" ndani, ina "hatutakubali", ina hata kidole cha kunyoosha. Kuingia tu, kabla hajafungua mdomo, Kwapa kasimama, kafuta kiti kwa mkono wa shati, kamkalisha.

"Karibu, bosi mdogo! Hatimaye!"

"Bosi wa nani, mzee?"

"Aa, usinitanie bwana. Baba yako aliniambia zamani sana: siku mwanangu akija ofisini kwako kwa miguu yake, ujue nimeshamweleza, usimfiche kitu. Nimeingoja siku hii mpaka mvi zimeniota."

Na Kwapa, mtu mwaminifu, hakuficha kitu. Alimwaga vyote. Ua ule wanaoishi. Ua wa nyuma yake. Fremu za maduka pale barabarani, hilo la rangi likiwemo. Na lile ghala ambamo kijana anabeba saruji kila siku mpaka mabega yamechubuka, mwenye saruji ni mpangaji tu, jengo la nani? La baba. Kijana akabaki anatazama makopo ya rangi, hotuba imemkaukia kooni, kidole hakijui kimnyookee nani.

"Kwapa ana mdomo kama kapu lililotoboka," baba akasema pale mlangoni.

"Kwapa hana kosa! Kafuata neno lako. Umeficha, umeficha, mpaka mtego wako mwenyewe ukasahau ulipoutega."

"Ningekuambia mwenyewe."

"Lini?"

"Ukishakomaa."

"Nimekomaa mabega, njoo uyashike! Uliniona nikirudi na vumbi la saruji puani, ukaniambia, 'Vumilia mwanangu, chuo ni cha wenye nacho.' Wenye nacho, baba! Ulisema hata jicho hukupepesa."

Baba akafumba macho. Mlango ukagongwa mgongoni kwake, akaruka.

"Wakili!" Sauti ya Mama Pacha, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye wanawe siku za mvua wanalala chini ya mwavuli. "Mbona unamfokea mzee? Mwache mzee wa watu, hajakukosea kitu! Njoo utupe jina, mawingu hayo yanashuka!"

"Au mwenye nyumba keshamnunua?" akadakia kinyozi kutoka mbali. "Mpekueni mfukoni huyo!"

Uani watu wakacheka. Bibi wa chumba cha mwisho, ambaye kikohozi chake ndiyo saa ya ua ule, akacheka naye mpaka kikohozi kikamkamata.

"Nakuja!" kijana akajibu.

Baba akamshika mkono. Mkono wa baba ulikuwa mgumu, umejaa makovu ya bati, maana ufundi wenyewe ulikuwa wa kweli. Kuezeka anajua. Hilo hakudanganya.

"Usiwaambie," akasema kwa sauti ya chini. "Nakuomba kama mwanangu. Ukitoka ukalisema jina langu pale, nimekwisha. Kesho sitapita njia hii. Sitakuwa na jirani, nitakuwa na wadai tu."

"Na wao? Waendelee kunyeshewa?"

"Nisikilize kwanza. Wewe baba yako mkubwa humjui, ulikuwa hujazaliwa. Kaka yangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, ana gari, ana jina. Watu wakimwita 'Tajiri!' barabarani, anageuka. Hilo ndilo kosa lake, aligeuka. Kila harusi ni yeye. Kila mgonjwa ni yeye. Mtoto wa binamu wa shemeji, ada ni yeye. Akitoa mara kumi akakataa mara moja, basi mchawi, mali yake ina mkono wa mtu. Walimla mpaka likabaki duka lenye misumari iliyoota kutu. Na alipokufa, tulimshusha kaburini mimi na wachimbaji. Basi. Wale wote aliowalisha, hakufika hata mmoja wa kushika koleo." Akauachia mkono wa kijana, akashika tena komeo. "Nikasema mimi, nikija kupata, sitageuka mtu akiniita. Mali isiyo na jina haina adui."

"Haina rafiki pia."

"Rafiki wa mali si rafiki."

"Na mke, baba? Mke naye?"

Wote wawili, bila kupatana, macho yakaenda kwenye beseni.

Beseni la bluu. Lilikuwa limekaa katikati ya chumba, pale pazia linapogawa upande wa baba na upande wa kijana, chini kabisa ya tundu kubwa la bati. Lilikuwa la mama. Mvua, jua, usiku halikukosekana pale, ukiamka usingizini unalizunguka bila kufikiri, kama mtu anavyozunguka meza. Mchana mama alifulia nguo za watu humo, jioni analirudisha mahali pake likinge. Alikuwa anafua mpaka ngozi ya vidole inapasuka, maana mume wake alimwambia ukweli wa nyumba: kazi za bati ni za msimu, kodi tusaidiane mke wangu. Na mama akasaidia. Mwisho wa mwezi anamwekea Kwapa pesa mkononi, Kwapa anatia mkobani, mkoba unarudi kwapani, na Kwapa anaondoka. Yaani jasho la mama lilikuwa linatoka mlangoni, linazunguka kona, linarudi kwenye mfuko wa mume wake. Halikuwahi kwenda mbali. Yeye tu ndiye hakujua.

Tena alikuwa na ulimi, mama. Kila akitoa kodi anampa Kwapa na salamu za kumpelekea mwenye nyumba, kwa sauti, ua mzima usikie. Leo atamtakia upele na kucha fupi, kesho chawa wa mvi. Lakini ile aliyoipenda zaidi, ambayo hata wanawe Mama Pacha waliijua kwa kichwa, ilikuwa hii:

"Mwambie hivi: Mungu ampe nyumba nyingi, nyingi, mpaka achoke kuzihesabu. Na asimpe mtu hata mmoja wa kumfungia mlango, baridi ikiingia!"

Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. "Mama Wakili, kwa salamu hizi huyo bwana hafiki Ijumaa!" Na baba anacheka nao. Kijana sasa hivi alikumbuka vizuri kabisa, baba ndiye alikuwa anacheka kuliko wote.

Halafu kulikuwa na ile michezo ya Kwapa kumwita baba kuziba matundu kwa lami. Fundi Kiraka, njoo, mwenye nyumba katoa kidogo. Baba anapanda, mama anashika ngazi. "Mfinyanzi hulia gaeni," anamtania kutoka chini. "Umeziba kwa Mama Pacha, umeziba kwa kinyozi, kwako unaruka!" Baba anajibu kutoka juu, "Nikianza na kwangu watasema najipendelea." Mama alikuwa anamsifu kwa hilo. Alikuwa anawaambia watu: mume wangu hana kitu, lakini hana choyo.

Kifua kilimwanza mama taratibu, baridi ya usiku, godoro halikauki. Mwanzoni alisema mafua. Alipoacha kusema mafua, ilikuwa imechelewa. Msimu wa mvua uliopita wakamzika.

"Alijua?" kijana akauliza. Sasa hakuwa anafoka. Ingekuwa heri angefoka. "Mama alikufa akijua, au alikufa hajui?"

Baba akaachia komeo. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akatazama kandambili zake, ya kijani, nyekundu.

"Nilimwambia."

"Lini?"

"Ile siku. Wewe umekimbia kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Tulibaki wawili. Nikamwinamia, nikamwambia, mke wangu, hakuna mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni mimi. Pona tu, tuhame kesho."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Aliangalia juu. Pale." Baba akanyoosha kidole kwenye tundu la bati. "Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekumbuka alipoweka kitu. Halafu akageukia ukutani. Nikamwita. Nikamwita. Hakugeuka tena."

Kijana alikuwa amejiandaa kwa kila jibu, hilo hakulipanga. Angalau kama mama angekufa hajui, angekufa na mume maskini mwenye roho nzuri. Sasa hata huyo kanyang'anywa, tena dakika za mwisho, wakati hana nguvu hata ya kutukana. Yeye, mama, mwenye ulimi ule!

"Nilikuwa namjengea," baba akasema. "Wallahi nilikuwa namjengea. Nilisema mwaka mmoja tu, nimalize zile fremu, tutahamia mbali pasipo mtu anayetujua, tuanze upya, avae, apumzike. Mwaka ukiisha nasema mmoja tena. Kuficha ni kama kupanda bati lenye utelezi, mwanangu. Kupanda unapanda. Kushuka ndiyo huoni pa kuweka mguu."

"Ungeteleza, baba. Tungekudaka."

Baba akajifuta uso kwa kiraka cha bega.

"Vyote ni vyako," akasema. "Sina mwingine. Ua, fremu, ghala. Nyamaza tu, kama nilivyonyamaza. Kaa hapa na mimi, vaa hivyo hivyo, nenda kazini hivyo hivyo. Watu wakituona wawili maskini, watatuacha. Siku moja utanishukuru."

Na hapo kijana akaiona hiyo siku moja. Akajiona mzee, amevaa viraka, amekaa kitanda kile kile, na mke wake uani anafua. Akajiona anacheka kuliko wote.

Bati likalia. Tone la kwanza, la pili, halafu mvua ikashuka kwa pamoja kama mtu kamwaga mchanga. Uani viti vikaburuzwa, watu wakajibana chini ya kibaraza, lakini hawakuondoka. Ndani, juu ya beseni, tundu likakusanya maji yake, likayaachia.

To.

Wakatazama wote wawili. To.

Kijana akaenda upande wake wa pazia, akachukua begi lake la shule, lile lenye zipu mbovu. Akatia suruali, akatia shati, akatia kitambaa cha kichwa cha mama kilichokuwa kinaning'inia msumarini. Kuaga chumba kizima kulichukua muda wa kufunga kamba za viatu.

"Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Kupanga."

"Kupanga? Na nyumba zote hizi za..." Baba akajikatiza mwenyewe, akatazama mlango kama umemsikia.

"Kupanga kwa mwenye nyumba ambaye sura yake naijua."

"Wakili!" Kinyozi akapiga ukuta. "Tunalowa huku! Sema kama umeshindwa, tutume mwanamume!"

Baba akasimama. Alionekana mdogo, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. "Utawaambia nini?"

"Nitawaambia nimemwona mwenye nyumba. Nitawaambia kakubali kuezeka upya, bati jipya kila chumba, na anaanza na kwa bibi wa mwisho. Fundi ni wewe. Ukitaka jina lako libaki gizani, mvua ikikatika panda juu."

"Watauliza kwa nini kabadilika ghafla. Watu si wajinga."

"Waambie kafiwa."



Kijana akavuta komeo. Moyoni alikuwa ameshaapa kitu kimoja: mlango huu atauacha wazi. Hatasema jina, sawa, hilo amempa baba. Lakini atauacha wazi hivyo hivyo, kila mtu pale kibarazani atazame ndani, auone ule umaskini wa uongo, autazame mpaka agundue mwenyewe. Amechoka na milango ya kufungwa. Akausukuma. Upepo ukaingia na mvua yake, pazia likapaa, taa ya ukutani ikayumba. Mama Pacha akainuka kwenye ndoo aliyokalia, macho yamemtoka, shingo ndefu. Bibi akasogea, mkono kifuani.

Kijana akavuka kizingiti. Hatua moja. Nyuma yake akasikia kitanda kinalia, baba kakaa tena.

"Mwanangu," baba akasema, taratibu, wala si kwa kubembeleza, kama mzee yeyote angesema nyumbani kwake siku yoyote ya mvua. "Funga mlango. Baridi inaingia."

Hakujua alichosema. Kijana alijua. Akasimama pale, mgongo ndani, uso nje, mvua inampiga begani, na sauti ya mama ikamjia yote, na kicheko cha ua mzima, na mkoba unaorudi kwapani. Mungu ampe nyumba nyingi, nyingi.

"Basi sema!" Mama Pacha akamwambia. "Ni nani?"

Hakumjibu kwanza. Akageuka nusu. Baba alikuwa amekaa pale pale, mikono magotini, haangalii mlango, anaangalia beseni linavyojaa.

Kijana akarudisha mkono nyuma, akashika mlango, akaufunga. Akaukaza kwa bega kutoka nje mpaka upepo ukakosa pa kupita.